Evelina na Plagi Isiyoingia

Evelina Mchopa alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha bajaji ya umeme pale Newala, na hadi leo hajatokea wa pili. Majirani walimwita Mama Dastani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Madereva wenzake wa kiume walimpachika la kwao, Mama Kimya, maana chombo chake kilipita bila mlio, ukashtukia kimeshakufika kisogoni. Hakulichukia jina hilo. Alikuwa mjane, mtu mzima, na miaka nenda miaka rudi alikuwa amebeba maji kichwani kutoka bondeni kuwauzia walimu na watu wa maofisini waliohamia Newala bila kujua kwamba huku mtu huoga kwa kikombe. Shingo ilimuuma hata akiwa amelala.

Basi msimu mmoja mikorosho ilizaa ikazaa tena, na bei ikawa ya kueleweka. Evelina aliuza mavuno yote, akauza na mbuzi, akashuka Masasi kutafuta chombo. Kaka yake alimshauri achukue pikipiki ya petroli kama watu wengine.

"Petroli inapanda kila tukipiga chafya," Evelina akamjibu. "Umeme tunao nyumbani."

Kumbe ule wa nyumbani haukuifaa bajaji hiyo. Ilikunywa kutoka kwenye nguzo za kuchajia za kampuni iliyoiuza tu, na nguzo zenyewe zilikuwa mbili: moja Masasi karibu na stendi, nyingine Newala nyuma ya soko. Ashraf, kijana wa Tanga aliyekuwa wakala wa kampuni hiyo pale Masasi, alimtuliza. Chaja ndogo ya nyumbani ilikuwa njiani, alisema, na nguzo nyingine zingefuata barabara nzima. Evelina alimwamini, na kwa miezi mingi hakuona sababu ya kutomwamini. Alichaji Newala, akashuka mlima na abiria na mizizi ya ming'oko na kuku wa watu, akachaji Masasi, akapanda tena na mizigo ya wafanyabiashara. Shingo ikaacha kuuma. Alianza kusimama wima kama alivyokuwa msichana.

Nguzo nyingine ikafuata kweli, lakini si ya kina Ashraf. Ilikuja kampuni ya pili na magari yake ya kubebea korosho, ikasimamisha chaja kwenye ghala la Namkonda, kijiji kilicho chini kabisa ya mlima, pale barabara inapoanza kujikunja kupanda Newala. Evelina alipoiona mara ya kwanza alipiga kigelegele barabarani. Akasimama, akashuka, akaenda kuitazama. Plagi ya bajaji yake ilikuwa na meno matatu bapa. Tundu la ile chaja lilikuwa la duara, lenye vitundu vitano. Akacheka peke yake, akapanda bajaji, akaondoka. Wakati ule lilikuwa jambo la kuchekesha tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, wanaume wengi wakiwa mashambani. Masasi umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Evelina alikaa stendi akisubiri urudi, akachoka, akapiga hesabu kichwani: chaji iliyobaki ingempandisha hadi Newala kama angekwenda mtupu na bila haraka. Akawakataa abiria wote. Akaondoka peke yake.

Alipofika Namkonda, alikuta nesi wa zahanati amesimama katikati ya barabara, ametanua mikono yote miwili kama anazuia ng'ombe.

"Mama Dastani, Mungu ndiye amekuleta," alisema nesi. "Nina mzazi hapa. Mtoto ametanguliza mkono. Hili mimi siliwezi, anahitaji upasuaji. Gari la wagonjwa limekwenda Mtwara na mtu mwingine, na pikipiki siwezi kumpakia katika hali ile."

"Chaji yangu ni ndogo."

"Inafika?"

Evelina alitazama mlima. "Nikiwa peke yangu inafika."

Walikuwa wameshamleta. Aliitwa Somoe, binti mbichi, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Tandahimba kwenye vibarua vya salfa, na aliyemshika mkono alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mnene aliyekuwa akisoma dua bila kupumzika. Somoe hakupiga kelele. Alikuwa ameuma ncha ya khanga, jasho linamtiririka, na alipomwona Evelina aliitoa ile khanga mdomoni, akasema, "Shikamoo, Dada," kana kwamba wamekutana sokoni.

"Marahaba, mdogo wangu. Panda."

Evelina hakuelekea mlimani moja kwa moja. Aliingia kwanza getini pale ghalani, maana taa ya kijani ya ile chaja ilikuwa inawaka. Umeme wa Namkonda ulikuwepo. Mlinzi wa ghala, mzee Mohamedi, alitoka kibandani mbio akitaka kumfukuza, akachungulia ndani ya bajaji, akaacha.

"Hii ni ya wale wengine, mama," alisema, akimsaidia kuvuta waya. "Lakini jaribu. Jaribu tu."

Alijaribu. Aliweka meno bapa kwenye tundu la duara kama mtu anayelisha mtoto aliyefunga mdomo. Mzee Mohamedi aliigonga plagi kwa kiganja, akaigonga tena kwa kisigino cha ndala. Walitafuta waya wa kuunganisha, hawakuupata, na hata wangeupata hakuna kati yao aliyethubutu kuugusa umeme wenye nguvu ile. Juu ya ukuta wa ghala zilipita nyaya zile zile zilizopanda mlima kwenda Newala. Ulikuwa umeme ule ule. Evelina aliweka paji la uso kwenye bati la chaja, likiwa la moto kwa jua, akavuta pumzi.

"Dada," aliita Somoe kutoka ndani. "Twende tu."

Wakaenda. Kona ya kwanza bajaji iliipanda vizuri, hata Evelina akaanza kumshukuru Mungu mapema. Kona ya pili ilianza kuzubaa. Alizima taa, akazima redio, akazima kila kitu kinachozimika. Mama mkwe alishuka mwenyewe bila kuambiwa, akawa anatembea nyuma na mkono wake mmoja ukisukuma. Baada ya hapo chombo kikapunguza mwendo hadi wa mtu mzima, kisha hadi wa mtoto, kisha kikasimama katikati ya mwinuko, na kwa mara ya kwanza Evelina aliuchukia ukimya wake. Petroli ingekohoa kwanza. Ingetoa hata dalili.

Walisukuma. Wanawake wawili, mmoja mnene na mmoja aliyezeeka kwa kubeba maji, walisukuma bajaji yenye mzazi kwenye mlima wa Newala. Walipotua kupumua ilirudi nyuma, wakaweka jiwe, wakasukuma tena.

"Dada, tunapanda au tunashuka?" Somoe aliuliza.

"Tunapanda."

"Mimi naona miti ile ile."

Lori la muhogo liliwakuta pale, jua limeshaanza kuinama. Dereva na utingo walimbeba Somoe, wakamlaza juu ya magunia, wakawafikisha Newala hospitalini, na madaktari wakampokea mbio mbio. Somoe alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshaondoka. Daktari alitoka nje akiwa bado na kofia kichwani, akawaeleza taratibu, kwa heshima. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, akijisemea mwenyewe zaidi kuliko kuwasemesha, "Mngewahi kidogo."

Maneno hayo mawili yalimlemea Evelina kuliko dumu lolote alilowahi kubeba.

Alikwenda Namkonda kwenye maziko. Alikaa na akina mama mkekani, akala wali wa msiba, na Somoe alimpa mkono bila kinyongo. Hilo lilimuumiza zaidi. Laiti angetukanwa, angepata mahali pa kuanzia. Siku chache baadaye alishuka Masasi, akaingia ofisini kwa Ashraf na kusimama mbele ya meza yake.

"Kwa nini plagi hazifanani?"

Ashraf alikuwa ameshasikia habari. Alinyanyuka, akampa kiti, akamtuma mtoto wa jirani akalete soda. "Mama, naomba radhi. Poleni sana."

"Nimeuliza, kwa nini hazifanani?"

Kijana akasema ukweli, na Evelina alimheshimu kwa hilo. "Kwa sababu plagi ndiyo biashara, mama. Ukinunua chombo chetu, tunataka uchaji kwetu. Wale nao wanataka wao. Zikifanana, mteja anakwenda anakotaka." Akashusha sauti. "Ila kuna watu wa viwango wanakuja hapa Masasi kukusanya maoni. Serikali inataka plagi iwe moja nchi nzima. Nenda. Waambie."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi chini ya yale majabali ya Masasi, viti vya plastiki, maji ya chupa, turubai la picha ukutani. Aliyeuongoza aliitwa Ebenezer, ofisa wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Kila kampuni ilikuwa imetuma mtu wake kutoka Dar es Salaam. Wa kwanza alisimama akasema wanaunga mkono plagi moja kwa asilimia mia, na kwamba iliyo bora tayari ipo, ni ya kwao. Wa pili akasema vivyo hivyo. Palikuwa na wa tatu, ambaye kampuni yake hata haijafika kusini, naye akasema hivyo hivyo. Watu walianza kusinzia.

Evelina aliponyoosha mkono alidhani atauliza swali. Alipofungua mdomo ikatoka siku nzima: nesi barabarani, taa ya kijani, kisigino cha ndala, jiwe nyuma ya gurudumu. Hakupandisha sauti. Alipofika kwa daktari na kofia yake alishindwa, akakaa. Bwana Ebenezer alivua miwani, akaifuta kwa tai, akachelewa kuivaa.

"Mama," alisema hatimaye, "nakuahidi jambo hili halitaishia humu ukumbini."

Na kweli halikuishia humo. Bwana Ebenezer hakuwa mwongo. Alimwita Mtwara, Evelina akasimulia mbele ya mkuu fulani na waandishi wa habari. Alimwita Dodoma, akalala kwenye hoteli yenye maji yasiyokatika, akasimulia mbele ya watu waliovaa kadi shingoni. Wengine walilia. Alipigwa picha akiwa kati ya wale wawakilishi wa kampuni, wote wameshikana mikono. Kadiri alivyosimulia ndivyo alivyojua kusimulia. Alijua mahali pa kunyamaza. Alijua kwamba watu huinua vichwa akifika kwenye kisigino cha ndala. Na mahali fulani kati ya Masasi na Dodoma, bila kukusudia, Somoe wa hadithi yake alianza kulia, akawa anamwita mumewe kwa jina mlimani.

Nyumbani alianza kutumaini. Aliwaambia madereva stendi kwamba subirini, plagi itakuwa moja, mtachaji popote kama mnavyonunua vocha popote. Walimtania, lakini walimsikiliza. Baadhi yao waliahirisha kununua bajaji za petroli zilizokwisha tumika wakisubiri. Hata nesi wa Namkonda alimpigia kuuliza kama kweli ile ya ghalani itabadilishwa.

Kiwango kikatoka. Bwana Ebenezer mwenyewe alimpigia simu kumweleza kabla hajasikia kwa watu, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye habari njema.

"Plagi imechaguliwa, mama. Ni moja kwa nchi nzima."

"Ya kina nani?"

"Si ya kampuni yenu, wala ya wale wa ghalani. Ni ya tatu."

"Sawa. Sasa yangu mtaibadilisha lini?"

Evelina alisikia magari ya Dar es Salaam yakipita kwenye simu. "Kiwango kinahusu vyombo vipya tu," alisema. "Vinavyoingia nchini kuanzia sasa. Vilivyokwisha kuwa barabarani havihusiki. Nilipigania, mama. Wakasema ni vichache mno, gharama yake haina maana."

Evelina alimshukuru. Hakujua afanye nini kingine.

Kilichofuata kilikuja kama mvua ya mawe, pigo juu ya pigo. Kampuni ya kina Ashraf iliona heri kufunga kuliko kubadilisha kila kitu. Ile nguzo ya nyuma ya soko ikakatiwa umeme, baadaye wakaja watu na gari wakaing'oa, wakaacha shimo ambalo mama ntilie mmoja alilifunika kwa bati. Ashraf akahamia kuuza dawa za mikorosho. Kampuni ya ghalani nayo ilihamisha magari yake kwenda mikoa ya biashara kubwa, na chaja yake ikaenda nayo. Chaja za plagi mpya, ile ya kitaifa, zilisimamishwa Dar es Salaam na Dodoma. Ilisemekana kusini itafikiwa awamu inayofuata. Kwa hiyo barabara ya Masasi na Newala, iliyokuwa na chaja za aina mbili zisizoelewana, sasa haikuwa na chaja yoyote.

Evelina hakukata tamaa mara moja. Alimpelekea bajaji Filemoni, fundi umeme wa Newala aliyesifika kwa kufufua vitu. Filemoni alihangaika nayo wiki nzima. Alitengeneza kichwa kipya, akafunga chaja aliyoiagiza kwa watu, akawasha. Betri ikawaka taa nyekundu na kuzima. Akajaribu tena, hivyo hivyo.

"Plagi nimeiweza, Mama Dastani," alisema akijifuta mikono. "Betri ndiyo imekataa. Hii ina akili yake ndani. Inasubiri chaja iseme neno la siri kwanza, ndipo ipokee umeme. Na wanaolijua hilo neno wamefunga ofisi."

"Hakuna njia?"

"Niitoe betri yote, nitafute nyingine. Bei yake ni ya bajaji mpya."

Kaka yake alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kuivuta kwenda nyumbani. Hakusema nilikwambia. Pengine angesema ingekuwa nafuu. Baadaye mnunuzi wa vyuma chakavu alichukua alichoweza, na Evelina akaingia kwenye kazi ya kubangua korosho, pamoja na wanawake wengine wa mtaani, kwenye banda la mfanyabiashara mmoja. Mafuta ya maganda hula vidole. Wanawake hujipaka majivu, lakini ngozi hubadilika rangi tu, na ukishika chakula kinakuwa kichungu.

Pale bandani ndipo Somoe alipomkuta. Alikuwa amekuja Newala na begi dogo, na tumbo lilikuwa limeshatangulia tena. Evelina aliliona hilo kabla ya uso wake.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Una miezi mingapi?"

"Bado kidogo. Nimepanda mapema. Nitakaa kwa shangazi yangu hapa hadi siku ifike. Mume wangu amesema safari hii hatusubiri gari la mtu." Aliketi kwenye gunia, akachukua korosho moja kutoka kwenye beseni, akaigeuzageuza bila kula. "Nilikusikia redioni."

Evelina aliendelea kubangua.

"Ulisema nilikuwa nalia. Nikimwita mume wangu."

"Somoe..."

"Mimi sikulia, Dada. Niliuma khanga njia nzima ili nisilie. Mama mkwe wangu alisikia redioni, akaniuliza kwani ulilia saa ngapi?" Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayerudisha sufuria isiyo yake. "Umewasimulia watu wangapi?"

"Wengi."

"Wakasemaje?"

"Wakasikitika."

Somoe aliitikia kwa kichwa. Aliirudisha korosho kwenye beseni, akamwambia Evelina kwamba shangazi anamsubiri, akaomba asindikizwe mpaka njiani kwa sababu miguu imevimba. Evelina alimsindikiza. Alitaka kuomba msamaha, na kila alipotaka kuanza waliwapisha watu njiani, au Somoe alisimama kupumzika, hadi wakafika mlangoni kwa shangazi, na shangazi akatoka na salamu nyingi na kiti. Hakuomba.

Wiki ile ile simu iliita bandani. Vidole vya Evelina vilikuwa vimelowa mafuta, akamwomba mwenzake aiweke sauti ya nje. Alikuwa Bwana Ebenezer. Aliuliza hali, akauliza korosho, akauliza mvua. Kisha akasema kuna mkutano mwingine, wa betri sasa, maana kila kampuni inaleta betri ya umbo lake na haziwezi kubadilishana. Walikuwa wanaandaa kiwango. Wangemtumia nauli. Angezungumza mwanzoni kabisa, kabla ya wataalamu.

"Mzungumzishe mwingine," alisema Evelina.

"Mama Dastani, bila kisa kama chako hawasikii."

"Walishasikia, Bwana Ebenezer. Walisikia Masasi, na Mtwara, na Dodoma."

Bwana Ebenezer alikuwa mtu mwema, na Evelina alijua kwamba alikuwa amechoka pia.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Walisikia." Kisha, kama mtu asiyejua namna ya kuaga, akauliza kama kuna lolote anaweza kumsaidia yeye binafsi.

Evelina alifikiri kwa dhati, maana swali lilikuwa la dhati. Akamtakia kazi njema, mwenzake akakata simu kwa niaba yake, na yeye akavuta beseni lililofuata karibu na magoti.